Milio ya mazoezi ya jeshi karibu na kijiji: mwananchi aulize nini, na amuulize nani?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mkulima katika Wilaya ya Uvinza, mkoani Kigoma. Mwezi uliopita malori ya jeshi yalipita kijijini kwetu usiku, mara mbili, yakielekea msituni, na kuanzia asubuhi yake tukasikia milio mizito kwa siku kadhaa. Mtendaji wa kijiji alitutangazia baadaye kwamba ni mazoezi na tusiwe na hofu. Kwenye simu unazunguka ujumbe wa sauti unaosema eneo hilo linapimwa ili lichukuliwe na wananchi waondolewe. Wapo wanaosema ni maandalizi ya uchaguzi, na kijana mmoja msomi ametuambia kuwa hata Marekani mwaka 2015 jeshi lilijificha nyuma ya mazoezi likitaka kuliteka jimbo la Texas. Shamba langu la mihogo na mahindi linapakana na msitu huo, na sehemu ya mahindi imekanyagwa na magari. Je, nina haki ya kutia shaka? Nimuulize nani bila kuitwa mchochezi?"

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Haki ya kutia shaka unayo, na kuuliza jeshi linafanya nini kando ya shamba lako si uchochezi. Nakuomba lakini tuyatenganishe mambo ambayo swali lako limeyafunga pamoja, kwa sababu kila moja lina uzito wake na lina mtu wake wa kuulizwa. Ipo hofu ya kutawaliwa kwa mtutu, ipo hofu ya uchaguzi, ipo hofu ya ardhi, na ipo hatari ambayo hukuitaja kabisa, ambayo mimi naiweka mbele ya zote: vile vitu vinavyobaki porini askari wakishaondoka. Kwa maelezo yako, kosa kubwa limefanyika kwenye tangazo. Mtendaji alitangaza milio ikiwa imekwisha kuanza, tena akawaambia tu msiwe na hofu, pasipo kutaja mahali, siku, mipaka ya eneo wala mtu wa kuulizwa. Kijiji kilichoachwa hivyo lazima kitajieleza chenyewe, na ndipo ujumbe wa sauti ulipopata wasikilizaji.

Nianze na sababu ya jeshi kutoka kambini, maana wapo wanaoona kwamba askari kuonekana porini karibu na watu ni jambo lisilo la kawaida. Risasi ya bunduki ya kawaida ya askari, ile SMG ambayo watu wameizoea kuiona, inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 2 kabla haijaanguka, na kombora la mzinga wa milimita 122 hufika umbali wa kilomita 15. Hakuna ukuta wa kambi unaotosha kwa silaha ya namna hiyo. Zaidi ya hapo, zoezi la medani hufundisha mambo yasiyofundishika kwenye uwanja wa gwaride: kutembea usiku bila taa, kuvuka mto, kuwasiliana kwa redio palipo na vilima, kubeba majeruhi kutoka kichakani, kufikisha maji na chakula kwa kombania iliyotawanyika. Malori uliyoyasikia usiku yana maelezo hayo. Mwendo wa usiku wenyewe ni sehemu ya somo, wala si lazima uwe dalili ya kuficha jambo.

Sisi watu wa Kigoma, ambao ng'ambo ya ziwa letu ni Kongo, tunapaswa kuielewa haja hiyo kuliko wengine. Tarehe 7 Desemba 2017 kituo cha walinda amani wa Umoja wa Mataifa huko Semuliki, Kivu Kaskazini, kilishambuliwa, na wanajeshi 14 wa Tanzania wakauawa. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa uliofuata ulitaja, pamoja na mengine, mapungufu katika mafunzo ya walinda amani na kukosekana kwa mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu au kuwaondoa. Askari asiyefanya mazoezi nyumbani huenda kujifunzia mbele ya adui, na gharama yake huletwa kwa wazazi wake. Kwa hiyo sitakushauri ulipinge zoezi kwa sababu ni zoezi.

Hata hivyo, wanaosema kwamba wananchi wa mkoa huu wana woga usio na sababu hawaijui historia yake. Mwaka 1972 Kigoma ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kufanyiwa operesheni ya kuwahamishia watu vijijini, na kufikia miaka ya 1974 na 1975 kazi hiyo ilifanyika nchi nzima kwa kutumia mgambo na magari ya Serikali, yakiwemo ya jeshi. Wazee waliopakiwa kwenye malori pamoja na vyombo vyao, nyumba zao zikiachwa nyuma, bado wapo, na wajukuu wao wamesikia habari hiyo jikoni. Mwishoni mwa mwaka 1997 jeshi liliwakusanya wakimbizi wa Burundi waliokuwa wakiishi vijijini nje ya kambi mkoani humu, wengine wakiwa wameoa na kuolewa na kulima hapa kwa miaka mingi, wakapelekwa kambini. Septemba 2013 ikaja Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji haramu katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Mwezi uliofuata ikaanza Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili, ambayo ilisitishwa baada ya malalamiko ya mateso na vifo vya raia, na Desemba mwaka huo mawaziri wanne wakaondolewa katika nafasi zao kwa sababu yake, akiwemo Waziri wa Ulinzi. Ongeza miaka ile ambayo mabasi ya njia ya Kasulu na Kibondo yalisindikizwa na askari kwa sababu ya majambazi wenye silaha za kivita. Kwa mtu aliyepitia hayo, lori la jeshi linapopita saa nane za usiku na mlio unaposikika alfajiri, kuuliza kuna nini ni akili timamu.

Tofauti iliyopo, na ni tofauti ya kisheria, ni kwamba yale yote yalikuwa operesheni: zilikuwa na walengwa miongoni mwa watu, na askari walikuwa na kazi ya kukagua, kukamata au kuhamisha. Zoezi la medani halina mlengwa raia. Askari aliye mazoezini hana sababu ya kuingia nyumbani kwako, kukuuliza uraia wako, kuhesabu mifugo yako wala kukuamuru uondoke kwenye shamba lako, isipokuwa kukuzuia kwa muda kuvuka eneo la hatari. Kama katika siku zile hakuna aliyeguswa kwa namna hiyo, ulichokisikia kinafanana na mazoezi kweli. Kama yupo aliyeguswa, basi jambo limebadilika sura, na hilo linaripotiwa polisi kwa majina, tarehe na mahali.

Sasa habari ya Texas, kwa sababu naona imewaingia vijana. Ni kweli kwamba kuanzia tarehe 15 Julai hadi tarehe 15 Septemba 2015 vikosi maalumu vya Marekani vilifanya mazoezi yaliyoitwa Jade Helm 15 katika majimbo kadhaa, Texas likiwemo, yakiwa na askari wapatao 1,200. Kabla hayajaanza, ramani ya jeshi ilivuja ikiwa imepakwa rangi, na majimbo ya Texas na Utah yalikuwa yameandikwa kuwa ni ya adui. Kwa mpangaji wa mazoezi huo ni mchezo wa darasani tu, kwamba upande huu tuseme ni wetu na ule tuseme ni wa adui, lakini mwananchi wa Texas aliyeiona alisoma kwamba serikali yake imemwandika adui. Maneno yakaanza: kwamba maduka matano ya Walmart yaliyofungwa ghafla mwaka huo yamegeuzwa kuwa mahabusu, kwamba yamechimbwa mahandaki chini yake, kwamba utawala wa kijeshi unakuja. Tarehe 27 Aprili ofisa wa jeshi alikwenda Bastrop, mahali palipo humohumo Texas, kujibu maswali mbele ya ukumbi uliojaa watu wenye hasira. Kesho yake Gavana Greg Abbott akaagiza walinzi wa jimbo wayafuatilie mazoezi hayo, na agizo hilo likachukuliwa na wengi kuwa ni uthibitisho kwamba kuna jambo.

Tarehe 15 Septemba mazoezi yakaisha. Hakuna jimbo lililotekwa, hakuna mtu aliyewekwa katika duka lililofungwa. Mwaka 2018 Michael Hayden, aliyepata kuongoza shirika la ujasusi la Marekani, alisema kwamba Warusi walisaidia kuukuza uvumi ule mitandaoni. Huenda ni hivyo, lakini mimi silipi jambo hilo uzito mkubwa, kwa kuwa uvumi hauoti mahali ambapo watu wanaamini wanachoambiwa. Wale wa Texas walikuwa tayari hawaiamini serikali iliyokuwa Washington, na jeshi lenyewe lilikataa waandishi wa habari wasiyashuhudie mazoezi. Mwambie kijana wenu pia ajiulize jambo moja: jimbo lile lilikuwa tayari na kambi kubwa ya jeshi, Fort Hood, yenye makumi ya maelfu ya wanajeshi. Anayetaka kuliteka angehitaji askari 1,200 wa nini?

Kuhusu uchaguzi nitasema kwa kifupi zaidi. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 147, inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, ingawa kura anapiga. Ibara ya 32 inampa Rais mamlaka ya kutangaza hali ya hatari, lakini tangazo hilo lazima lifikishwe kwa Spika, Bunge likutane ndani ya siku 14, na azimio la kuliunga mkono lipate kura za wabunge wasiopungua theluthi mbili. Zoezi la medani halimpi mkuu wa wilaya wala kamanda yeyote mamlaka hata chembe juu ya mikutano, kura au kauli za watu. Lakini nakiri kwamba tarehe nazo zina nguvu. Mwaka 2016 chama cha Chadema kilitangaza maandamano ya UKUTA kwa siku ya tarehe 1 Septemba, siku ileile ambayo JWTZ, lililoundwa tarehe 1 Septemba 1964, lilikuwa linatimiza miaka 52. Chama kiliahirisha maandamano hayo siku moja kabla. Kila mwenye msimamo aliisoma tarehe ile kwa upande wake, na hakuna maelezo ya kumbukumbu ya jeshi yaliyoweza kumridhisha aliyekwisha kuamua. Kwa sababu hiyo naamini mpangaji wa mazoezi mwenye busara huangalia kalenda ya siasa kabla ya kuchagua wiki, na akilazimika kuiangukia, hueleza mapema zaidi na kwa urefu zaidi kuliko kawaida.

Nafika kwenye ardhi, ambayo kwa mkulima ndiyo hofu yenye mizizi. Kuchukua ardhi ya kijiji kuna hatua zake, na hatua hizo zinaonekana kwa macho. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inataka lengo litangazwe katika Gazeti la Serikali, halmashauri ya kijiji ipewe taarifa, na suala lifikishwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Eneo lisilozidi hekta 250 huamuliwa na mkutano mkuu wenyewe. Likizidi hapo huamuliwa na Waziri, baada ya kupata maoni ya wanakijiji. Na katika hali zote, ardhi haihamishwi mpaka aina ya fidia, kiasi chake, namna ya kulipwa na muda wake viwe vimekubaliwa. Zoezi la kijeshi haliwezi kuziruka hatua hizi, hata likikaa porini mwezi mzima.

Kwa hiyo tembea ukaangalie ardhi yenyewe. Mazoezi huacha mahandaki mafupi yaliyofukiwa nusu, majivu ya moto wa kupikia, alama za matairi mapana, matawi yaliyokatwa kwa ajili ya kujifichia. Upimaji wa kuchukua ardhi huacha bikoni za zege zenye namba, vigingi vilivyopakwa rangi, alama ya X kwenye kuta, na baada ya muda si mrefu huja mthamini mwenye fomu anayehesabu minazi, michikichi na miembe ya kila mtu na kumtaka mwenye nayo atie sahihi. Ukiona bikoni, shaka yako imepata kitu cha kushika na inabidi uende ofisi ya ardhi ya wilaya mara moja. Usipoziona, ujumbe wa sauti haujathibitishwa na chochote.

Lakini nikueleze na upande mchungu. Umesema shamba linapakana na msitu. Hakikisha kwamba linapakana nao na halijaingia ndani yake. Kama msitu ule ni hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, ardhi yake si ya kijiji, na ulinzi wote nilioutaja hapo juu hautakufaa kwa kipande kilichovuka mpaka, hata kama umekilima kwa miaka kumi. Omba kuona cheti cha ardhi ya kijiji na ramani ya mpango wa matumizi ya ardhi katika ofisi ya mtendaji. Vijiji vingi vinalumbana na jeshi huku mgogoro wao wa kweli ni wa mpaka wa msitu, na mwaka unakwisha hakuna aliyefungua ramani.

Sasa lile ambalo hukuliuliza. Kila silaha nzito inayofyatuliwa ina uwezekano wa kutolipuka inapoanguka, na ikishakuwa hivyo hukaa ardhini ikiwa hai kwa miaka mingi. Ndugu zetu wa Kenya wanalijua hili vizuri. Wafugaji wa Kimasai na Kisamburu wa maeneo ya Dol Dol na Archers Post, ambako jeshi la Uingereza limefanya mazoezi kwa miongo mingi, waliuawa na kulemazwa na mabaki ya silaha, na mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kuwalipa wadai zaidi ya 200 jumla ya pauni milioni 4.5.  Na hapa jirani, Ngara, Novemba 2017, bomu la mkono lililookotwa na mwanafunzi akidhani ni chuma chakavu lililipuka katika shule ya msingi, likaua wanafunzi na kujeruhi wengine wengi. Lile halikutokana na mazoezi, na mkoa wetu wenye mpaka mrefu na nchi zilizopigana vita una mabaki ya asili nyingi. Kwa mtoto aliyelishika haina tofauti.

Naomba ulielewe jambo hili kwa sura yake halisi, kwa kuwa ndiko vifo vinakotokea. Kombora dogo la kurushwa kwa bomba la chuma, lile linaloitwa la mota, lina umbo la chupa nene lenye mapezi madogo mkiani. Likikaa masika moja hupata kutu na kufanana kabisa na kipande cha mashine ya kusaga. Kijana hulipata akiwa anatafuta kuni, anaona ni zito, anakumbuka kwamba mnunuzi wa vyuma chakavu hupita na mizani yake siku ya gulio, analibeba begani mpaka nyumbani. Anayetaka kulipunguza uzito au kutoa shaba iliyomo huligonga kwa nyundo. Maganda ya risasi matupu hayana madhara, lakini mtoto anayeokota maganda hawezi kuyatofautisha na risasi ambayo haijafyatuliwa, na hata risasi za mazoezi zisizo na kichwa huunguza na kutoboa zikilipuka karibu na mwili. Waambie watoto wa kijiji kizima, na umwambie mnunuzi wa vyuma naye: kitu kisichojulikana kutoka msitu ule hakiguswi, hakipigwi jiwe, hakirushwi motoni. Kinawekewa alama kwa mbali, tawi au kitambaa, mtu mmoja anabaki kuwazuia wengine, na mwingine anakwenda kituo cha polisi. Wataalamu wa mabomu wa jeshi ndio watakaokuja kukitegua.

Hili ndilo swali la kwanza ambalo kijiji chenu kinapaswa kuliuliza, na kila kamanda anayejua kazi yake atalipokea bila kukasirika: je, zilitumika risasi za moto au za mazoezi tu, zilitumika silaha nzito, na eneo limekaguliwa na kusafishwa baada ya zoezi? Kwenye uwanja wa shabaha unaoendeshwa kwa taratibu, bendera nyekundu hupandishwa, walinzi huwekwa kwenye njia zote zinazoingia, maganda hukusanywa na kuhesabiwa, na kila kombora ambalo halikusikika likilipuka huandikwa na kutafutwa. Jibu kwa hiyo lipo kwenye daftari la mtu, na mnachoomba ni kulisikia.

Kuna wakubwa wanaodhani kwamba kutoa taarifa mapema ni hisani tu kwa raia. Tukio la Februari 2002 katika jimbo la North Carolina linaonyesha vinginevyo. Huko vikosi maalumu vya Marekani humalizia mafunzo yao kwa zoezi liitwalo Robin Sage, linalofanyika katikati ya vijiji na mashamba ya watu, askari wakiwa wamevaa kiraia. Askari polisi mmoja wa kaunti ya Moore alilisimamisha gari lenye wanafunzi wa kijeshi. Yeye hakuwa amepewa habari ya zoezi, na wale walidhani naye ni mmoja wa waigizaji waliopangwa, wakafanya vile ambavyo wangefanya mchezoni. Aliwapiga risasi wawili, mmoja akafa. Tangu hapo taratibu za kuwapa habari polisi na wakazi zikakazwa. Yule askari aliyekufa hakuuawa na mvumishaji wala na adui. Aliuawa na taarifa ambayo haikufika. Fikiria basi mgambo wa kijiji chenu, wenye marungu na pengine bunduki moja, waliokuwa kwenye doria usiku ule malori yalipopita. Je, wao waliambiwa?

Umeuliza nani wa kumuuliza. Mtendaji wa kijiji hana majibu, na usimgombeze bure. Yeye alipokea agizo la kutangaza. Anayejua ni Mkuu wa Wilaya, ambaye ni mwenyekiti wa Kamati ya Ulinzi na Usalama ya Wilaya, na karibu yake yupo Mshauri wa Mgambo wa Wilaya, ambaye ni mwanajeshi na ndiye daraja la kawaida kati ya jeshi na vijiji. Njia nzuri ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hufanyika walau kila baada ya miezi mitatu. Mwombeni mwenyekiti aweke ajenda hiyo na kumwalika Mshauri wa Mgambo. Swali likitoka kwenye mkutano na kuandikwa katika muhtasari ni la kijiji, si la mtu mmoja anayeweza kunyooshewa kidole. Ulizeni eneo, ulizeni tarehe kama zoezi litarudi, ulizeni usafishaji, ulizeni namba ya simu ya kupiga kikionekana kitu porini. Msiulize idadi ya askari, aina ya vikosi au mpango wa zoezi wenyewe, kwa kuwa hayo ni siri halali ya ulinzi na hayana faida kwa shamba lako.

Na simu zenu zitunzeni. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inakataza kupiga picha maeneo na shughuli za kijeshi zilizolindwa, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inamwadhibu anayesambaza habari ya uongo kwa nia ya kupotosha kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Nina maoni yangu juu ya ukali wa kifungu hicho, lakini maoni yangu hayatakutoa rumande. Ule ujumbe wa sauti usiusambaze, hata kwa kuuliza kama ni kweli. Mpelekee mwenyekiti ausikilize kwenye simu yako, naye aupeleke unakostahili kujibiwa.

Linabaki hilo la mahindi yaliyokanyagwa, ambalo umelitaja kana kwamba ni dogo. Picha za shamba lako mwenyewe, magari yakiwa yamekwisha kuondoka, huna kosa kuzipiga. Piga mapema kabla mvua haijafuta alama za matairi. Mwite ofisa ugani wa kata aje apime sehemu iliyoharibika na aandike idadi ya mistari na umri wa mahindi, na mwenyekiti wa kitongoji atie sahihi kama shahidi. Kisha andika barua ya ukurasa mmoja kwa Mkuu wa Wilaya, nakala kwa Mshauri wa Mgambo na kwa mtendaji wa kijiji, ukitaja tarehe, mahali, ukubwa wa hasara na kiasi unachodai, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mara nyingi madai madogo kama hayo humalizwa hapohapo wilayani. Yakikwama, Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali inataka utoe kwanza notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi, na siku hizo zinahesabiwa tangu notisi ya kisheria ipokewe, si tangu ile barua yako ya kwanza. Kwa hiyo wilaya ikinyamaza kwa mwezi mmoja, nenda kwa msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa katika halmashauri yenu akuandikie notisi hiyo. Huduma yake ni ya bure.